Asiyekubali Kushindwa

Kila panapokusanywa orodha ya filamu zipendwazo za michezo, hurudi sura ile ile. Yupo kijana aliyedharauliwa. Yupo mwalimu mkali wa nje, mpole wa ndani. Kuna mazoezi ya alfajiri yanayopita kwa dakika tatu huku ngoma zikipanda. Kisha kipenga, machozi na kombe. Kutoka majumba makubwa ya sinema hadi vibanda umiza vya uswahilini, watazamaji hushangilia mahali pale pale. Na watu wa pwani, ambao lugha yao imewaachia msemo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, hushangilia pamoja nao bila kujiuliza kitu.

Msemo huo umezoeleka kuwa pole ya kumpa aliyefungwa. Walakini ukiusikiliza vyema si pole hata kidogo, ni hukumu. Unaweka sharti la kuingia uwanjani: asiyeweza kubeba kushindwa hana haki ya kuitwa mshindani. Basi na ihukumiwe kwa sharti hilo hilo filamu ya michezo. Ile isiyokubali kushindwa si filamu ya michezo. Ni tangazo la biashara, na bidhaa inayouzwa ni ushindi.

Itazamwe Chariots of Fire, filamu ya Hugh Hudson ya mwaka 1981, iliyotunukiwa Oscar nne ikiwemo ya filamu bora. Inasimulia Michezo ya Olimpiki ya Paris ya 1924, na Eric Liddell, Mskoti mcha Mungu aliyekataa kukimbia mita 100 kwa kuwa mchujo uliangukia Jumapili. Katika filamu, Liddell anapata habari hiyo akiwa anapanda meli kwenda Ufaransa. Baadaye mwenzake, mhusika wa kubuni, anamwachia nafasi yake katika mita 400, naye anashinda. Ukweli ni kwamba Liddell aliijua ratiba miezi kadhaa kabla, akakataa mapema, akakaa akijifunza mbio ambazo hazikuwa zake. Lipi lenye utukufu zaidi: bahati ya ghafla, au miezi ya kujifunza upya kimya kimya? Filamu ilichagua bahati, kwa sababu subira haina muziki. Tena mtu huyu alirudi China alikozaliwa, akahubiri huko, akafa mwaka 1945 katika kambi ya mateka ya Wajapani. Huo ndio uliokuwa mtihani wake mkubwa. Filamu iliyalipa hayo yote kwa maandishi machache mwishoni.

Watetezi watamleta Rocky. Ni kweli: mwaka 1976 bondia huyo wa Philadelphia alishindwa kwa pointi na Apollo Creed, na filamu ikapata Oscar ya filamu bora. Kwa usiku ule mmoja Hollywood ilikubali kwamba kusimama hadi duru ya 15 kunatosha. Lakini ikavumilia hadi lini? Mwaka 1979 ikatoka sehemu ya pili, na mkanda akavishwa Rocky. Soko lilimsamehe kushindwa kwake kama mkopeshaji anavyosamehe: kwa miaka mitatu, na kwa riba.

Si suala la ladha tu. Mwaka 1938 Leni Riefenstahl alitoa Olympia, filamu ya Michezo ya Berlin ya 1936, kwa fedha za utawala wa Hitler. Hakuna anayekana ustadi wake wa kamera, na haki itendeke: Jesse Owens amo, akikimbia kwa uzuri wake wote. Lakini mwili wa binadamu umegeuzwa humo sanamu la kuabudiwa, na utawala uliokuwa ukiwatenga wanyonge ulijua vyema kwa nini unaigharimia picha ya wenye nguvu. Anayeabudu mshindi hana hatua nyingi za kufika kumdharau dhaifu.

Iwekwe kando yake Tokyo Olympiad ya Kon Ichikawa, ya mwaka 1965. Wakubwa wa Japani walitaka kumbukumbu ya ushindi, wakaudhika walipoona alichowaletea: nyuso za waliochoka, wachezaji waliobaki nyuma, jasho na wasiwasi. Humo Ichikawa anatua kwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka Chad, nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka minne tu. Anaonekana akila peke yake katika bwalo lililojaa watu. Anakimbia, anatolewa kabla ya fainali, basi. Hakuna kombe, na dakika zile chache hazisahauliki, kwa kuwa zimemwona mtu.

Patasemwa kwamba mtoto maskini anahitaji kuona ushindi ili apate tumaini. Jibu liko Kampala. Katika Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016, Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa mabanda aliyejifunza sataranji, anafika Urusi akidhani ameshatwaa dunia, anashindwa, analia, anarudi nyumbani kwa mama yake. Tumaini la filamu ile linaanzia hapo, anapoupanga ubao upya.

Na jibu kubwa zaidi liko Tanzania yenyewe. Mwaka 1968, katika mji wa Mexico ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, John Stephen Akhwari alianguka katikati ya marathoni, goti likateguka. Mamo Wolde wa Ethiopia alimaliza kwa saa 2 na dakika 20. Kati ya 75 walioanza, 18 waliacha njiani. Akhwari hakuacha. Giza lilikwisha kuingia, watu wengi wamekwenda zao, alipoingia uwanjani akichechemea na bendeji mguuni, wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi. Alipoulizwa, alijibu kwa maana hii: nchi yake haikumtuma kuanza, ilimtuma kumaliza. Picha hizo dunia inazijua kwa sababu Mmarekani Bud Greenspan alizipa thamani katika filamu zake.

Pwani haina udhuru wa kutomwelewa Akhwari. Shujaa wake mkuu, Fumo Liyongo, hakumbukwi kwa kombe. Anakumbukwa amepiga goti karibu na kisima, amechomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, upinde ameuvuta, na watu hawathubutu kusogea kuteka maji ilhali yeye amekwisha kufa. Jamii iliyolea utenzi wa namna hiyo inaomba nini kwa filamu za kombe?

Washairi wa visiwani, wanaotunga beti kwa kila timu inayopanda daraja, wanalo deni. Na wenye kamera, ambao tangu 1998 wana tamasha la filamu la nchi za jahazi hapo hapo Unguja, wanalo kubwa zaidi. Mtu alichechemea hadi mwisho wa njia kwa ajili ya nchi yake. Haifai wageni wabaki kuwa ndio waliomngojea mstarini.