Msimwite Travis Shujaa

Wapo watazamaji wengi, hasa vijana wa kiume, wanaoikumbuka Taxi Driver hivi: dereva mpweke alichoshwa na uozo wa jiji, akashika bastola, akamtoa binti mdogo danguroni. Robert De Niro, kichwa kimenyolewa kiduku, amekuwa picha ya fulana na mabango, kana kwamba huyo ndiye mkombozi. Imani hiyo ni potofu, na filamu ya Martin Scorsese ya mwaka 1976 yenyewe inaikanusha waziwazi.

Mpangilio wa matukio unatosha kuwa ushahidi. Siku ya mauaji, dereva huyo, Travis Bickle, anaanzia kwenye mkutano wa kampeni wa Seneta Charles Palantine, mgombea urais, akiwa na silaha ndani ya koti. Betsy, mwanamke aliyemkataa, anafanya kazi katika kampeni hiyo. Travis anapotia mkono kwenye koti, walinzi wanamwona, naye anatimua mbio. Ni baada ya kushindwa huko ndipo anapokwenda kwa Sport, mkuwadi wa Iris, yule binti wa danguroni. Walinzi wangezubaa kidogo tu, angekuwa muuaji wa mwanasiasa, na Iris angebaki palepale alipokuwa.

Tena alikwisha kumwandikia Iris barua na kumwekea pesa, akimweleza kwamba atakapoisoma yeye atakuwa amekufa. Alitaka kufa, na asife peke yake. Baada ya kuua watu danguroni anajielekezea bastola na kufyatua, risasi zimekwisha. Iris yuko chumbani humo humo, analia na kumsihi asiue. Baada ya hapo mtazamaji hamsikii tena binti huyo. Inasomwa barua ya shukrani ya baba yake tu. Aliyedaiwa kuokolewa haulizwi chochote.

Watetezi wa Travis hukimbilia upweke. Upweke huo ni wa kweli, wala si wa kubezwa. Paul Schrader aliandika muswada akitoka katika kipindi cha kuishi garini bila mtu wa kuzungumza naye, mpaka vidonda vya tumbo vikamlaza hospitalini. Filamu ilipigwa New York katika kiangazi cha 1975, jiji likiwa na joto kali, takataka zimerundikana, na hazina yake ikikaribia kufilisika. Bernard Herrmann aliipa muziki mzito wa saksofoni na ngoma, akafariki saa chache baada ya kumaliza kuurekodi. Ni filamu chache mno zilizoupa upweke wa mjini heshima kiasi hicho.

Lakini kuuelewa upweke si kuuhalalishia damu. Travis hakufungiwa milango yote. Betsy alikubali kwenda kunywa naye kahawa, kisha akakubali waende sinema. Travis akampeleka kwenye ukumbi wa filamu za ngono na kushangaa alipotoka kwa hasira. Wizard, dereva mwenzake, alisimama kumsikiliza, japo ushauri wake haukuwa na maana. Na macho ya Travis yanapowakazia wanaume weusi mgahawani, kamera inayafuata ili mtazamaji aione chuki yake ilivyo. Katika muswada wa awali Sport mwenyewe alikuwa mtu mweusi. Watengenezaji waliogopa ghasia, wakampa Harvey Keitel nafasi hiyo. Anayeiita hasira ya Travis usafi wa maadili amefumba macho mbele ya yote haya.

Scorsese hakuyaficha maoni yake. Travis anapompigia Betsy simu kumwomba msamaha, kamera inamwacha na kusogea hadi kwenye ujia mtupu, kama mtu aliyeona haya kuendelea kutazama. Baada ya mauaji inapita polepole juu ya miili na kuta zilizotapakaa damu. Dari la jengo halisi lilikatwa ili picha hiyo ipatikane. Shangwe haimo hata kidogo.

Shangwe inatoka kwa magazeti yaliyobandikwa ukutani kwa Travis, yanayomsifu. Hapo ndipo penye shtaka zito la filamu hii, na ndipo mashabiki wanapojiunga na washtakiwa bila kujua. John Hinckley aliitazama mara nyingi akajifananisha na Travis, na tarehe 30 Machi 1981 akampiga risasi Rais Ronald Reagan akidhani atamvutia Jodie Foster, aliyeigiza Iris. Desemba 1984 Bernhard Goetz akawapiga risasi vijana wanne weusi ndani ya treni ya chini ya ardhi, New York ile ile. Polisi walifungua simu ya kupokea taarifa za kumsaka; wakazi wengi wakaitumia kumpongeza. Mwaka 1987 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia kwa shtaka la kujaribu kuua, likamtia hatiani kwa kumiliki silaha kinyume cha sheria tu. Scorsese na Schrader walikuwa wameionyesha pongezi ya namna hiyo miaka minane kabla, na waliionyesha kama ugonjwa.