Lenzi ya Bei ya Ngamia Haitakupa Picha Kali

Wasee, hebu tuambiane ukweli. Kuna uongo unauziwa kila kijana wa Garissa anayetaka kuanza kupiga picha za ndege: kwamba bila ile lenzi ndefu nyeupe kama bomba la maji, usijisumbue. "Tafuta 600mm kwanza, halafu uje tuongee." Anayekwambia hivyo mara nyingi anapiga picha zake Naivasha asubuhi yenye baridi. Hajawahi kusimama Bour-Algi saa saba mchana, mchanga ukichemka chini ya viatu.

Hesabu kwanza. Lenzi ya kawaida ya kufika 600mm, ukiongeza kamera ya kuishikilia, ni bei ya ngamia mzima na chenji haitarudi. Zile kubwa za wapiga picha wa Mara ni bei ya zizi. Kumwambia mtoi wa form four akae asubiri hiyo pesa ni kumwambia asianze kabisa. Wazee walishasema: mchagua jembe si mkulima.

Na hata akiipata, haitamsaidia vile anadhani. Adui wa picha kali huku kwetu ni hewa. Miezi kama Februari na Machi joto la mchana linapita nyuzi 35. Ardhi ikishapata moto, hewa ya juu yake inapanda na kucheza, na mwanga unapindapinda njiani kabla haujafika kwa kamera. Umeona vile barabara ya kwenda Dadaab inaonekana kama ina maji kwa mbali? Hewa hiyo hiyo ndiyo iko kati yako na ndege. Lenzi ndefu inakuruhusu usimame mbali zaidi, kwa hivyo inapiga kupitia hewa nyingi zaidi. Matokeo ni kwamba umelipa zizi la ngamia ili upate uji.

Dawa yake ni ya bure: amka mapema. Tuko karibu kabisa na Ikweta, jua letu linachomoza kitu saa kumi na mbili na dakika kadhaa mwaka mzima. Kutoka hapo hadi kama saa mbili na nusu hewa imetulia, mwanga ni wa dhahabu, na ndege wenyewe wako na njaa, hawajaenda kujificha kwa mathenge. Baada ya hapo rudi nyumbani ukunywe chai. Utarudi saa kumi na moja jioni.

Kitu cha pili ni kasi ya shata. Beginners wengi wanaacha kamera kwa automatiki, halafu kamera inachagua kasi ya kupiga picha ya keki. Ndege hata akiwa ametulia kwa tawi, kichwa kinachezacheza. Weka 1/500 kwa ndege aliyetua, 1/1000 kama anatembea au anakula, na 1/2000 akiruka. Wacha ISO ipande. Najua wanakutisha na chengachenga za ISO kubwa. Chengachenga utazipunguza baadaye kwa kompyuta. Picha iliyotikisika haina daktari.

Tatu, fokasi iwe kwa jicho. Chagua pointi moja, uiweke juu ya jicho la ndege, upige mfululizo picha nne au tano, halafu utupe zile mbaya. Mkia ukiwa kidogo haujakaa sawa, mtu atasamehe. Jicho likiwa na ukungu, picha imekufa.

Nne, tuliza mkono. Huna stendi ya miguu mitatu? Chukua soksi nzee, jaza mchanga wa lagha, funga fundo, uweke juu ya ukuta au kiti cha tuktuk, na lenzi ilale hapo. Lakini injini izimwe, walaal, kwa sababu tuktuk ikiwa inanguruma hata soksi ya dhahabu haitakuokoa.

Tano, msogelee ndege kwa akili. Huyu ndiye mkubwa wa hao wote. Ukikimbiza ndege utapata picha ya makalio yake akienda. Kaa chini, jua liwe mgongoni, karibu na mahali anapokuja mwenyewe. Msimu wa kiangazi weka beseni la maji chini ya mti nyuma ya nyumba, kaa kimya nusu saa, uone kwenzi na tetere wakipanga laini. Lakini kiota kaa nacho mbali. Picha haina thamani ya kifaranga kilichoachwa na mama yake.

Ndege wa kuanza naye? Marabu. Ndiyo, yule yule korongo mwenye upara na mfuko unaoning'inia shingoni, anayesimama jaani kama askari aliyestaafu. Mnamcheka, lakini ni mwalimu. Ana kimo cha kama mita moja na nusu, anatembea polepole, haogopi watu, na town yetu wamejaa. Unaweza kumkosea mara mia kwa asubuhi moja na bado yuko hapo. Mtu akishaweza kumtoa marabu kila unyoya ukionekana, ndipo aende kwa kanga wale wa kifua cha buluu, halafu keremkerem. Wengi wanaanza na ndege mdogo anayeruka kama risasi, wanachoka wiki ya kwanza, halafu wanasema shida ni lenzi.

Mimi natumia kamera ya mitumba na lenzi ya 70-300. Kama huna hata hiyo, muombe mpiga picha wa harusi unayemjua. Wikendi ana aroos tatu, lakini Jumatatu asubuhi kamera yake imelala.

Nitakubali kitu kimoja, nisionekane mbishi wa bure: ndege mdogo, mbali, jioni, akiwa angani, lenzi kubwa itakushinda tu. Lakini hilo ni tatizo la mtu wa mwaka wa tatu. Usikopeshwe tatizo la mtu mwingine.

Kitu ambacho sikubali ni njia ya mkato. Hizi programu za simu za "kunoa" picha kwa AI hazinoi. Zinachora. Picha haikuwa na manyoya, zinakisia manyoya yangekaa vipi, zinaweka. Unaposti ndege ambaye hayuko duniani, na like mia tatu juu.

"Sasa ndege watatusaidia nini? Watu wana shida ya maji." Hili naulizwa kila wiki, na ni swali halali. Tumetoka kwa misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana, halafu Tana ikafurika mwisho wa 2023 na tena 2024. Najua. Lakini sikiliza.

Mwaka wa 1965 serikali iliandika Sessional Paper Na. 10, ikasema pesa ziwekwe kwanza mahali penye ardhi nzuri na mvua. Sisi tukabaki kwa fungu la wengine. Tangu hapo North Eastern imechorwa kwa kichwa cha Mkenya kama pahali patupu. Mtu akisikia Garissa anafikiria mizoga ya ng'ombe na Aprili 2015. Hizo ni kweli na tunazibeba. Lakini si hizo tu.

Kuna mradi unaitwa Kenya Bird Map, ulianza 2013. Nchi imekatwa visanduku vya kama kilomita 9 kwa 9, na watu wa kawaida wanaandika ndege waliowaona. Ukanda wa Nairobi na Naivasha umejaa rangi. Huku kwetu visanduku vingi ni vitupu. Si kwamba ndege hawapo. Tuna gorayo wa Kisomali mwenye shingo ya buluu-kijivu, ambaye kwa wengi sasa ni spishi yake mwenyewe. Aliyekosekana ni wa kuandika.

Kuna hata kindege kimoja kidogo cha kahawia, Cisticola wa Mto Tana, kilichopewa jina la kisayansi 1967 kutokana na vielelezo vichache tu vya bonde la Tana ya chini. Hadi leo wataalamu wanabishana kama kweli ni spishi kamili. Ndege wa jamii hiyo wanafanana kama mapacha. Picha yenye ukungu haiwezi kusema lolote kuwahusu, na picha iliyochorwa na AI inasema uongo. Picha kali na sauti iliyorekodiwa vizuri zinaweza kuingia kwa huo mjadala.

Barabara za LAPSSET zinakuja, mabomba yatakuja, na mtu wa ofisi atafungua ramani kuuliza kuna nini hapa. Ramani ikiwa tupu, ni rahisi sana kuandika "hakuna kitu". Tulishaandikiwa hivyo mara moja.

Kwa hivyo Jumamosi hii, saa kumi na mbili asubuhi, toka. Usielekeze kamera kwa daraja, kambi wala roadblock, hiyo ni kesi ya bure. Tafuta marabu mmoja. 1/1000, jicho, soksi ya mchanga. Ukiposti, usiandike tu "nature vibes". Andika jina la ndege, andika Garissa, na uandike tarehe.