Pwani Ipi?

BARAZANI
Na Bakari Mwinyihaji

Kuna mtindo mmoja katika kundi letu la wapenzi wa sarafu za kale unaonikera, na leo nausema hadharani, wenzangu wanisamehe. Mtu anatuma picha ya kipande cha shaba cha Kilwa, amekisugua kwa ndimu na majivu mpaka kinameta. Madole gumba yanamiminika. Mmoja anaandika "mashallah", mwingine anauliza bei, wa tatu anajigamba kwamba yeye anazo tano. Ukithubutu kuuliza imeokotwa wapi, unajibiwa neno moja: "Pwani." Pwani ipi? Kutoka Mogadishu hadi Sofala kote ni pwani.

Ugonjwa wa sarafu ninao mwenyewe. Najua raha ya kuweka kiganjani kitu ambacho muuza samaki alikihesabu miaka 700 iliyopita, na najua raha kubwa zaidi ya kumwonyesha mtu anayeelewa. Ndiyo maana nasema: picha bila mahali ni nusu ya zawadi, tena ile nusu nyepesi.

Tuitazame sarafu yenyewe. Ya Kilwa ni ndogo, nyingi zikiwa za shaba, na haina kichwa cha mfalme, simba wala jahazi. Ina maandishi ya Kiarabu tu. Upande mmoja pana jina la sultani. Upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na maneno hayo yamechaguliwa yaishie kwa kina kilekile cha jina la sultani. Naam, vina! Watu wa Kilwa walikwenda sokoni na mishororo miwili mfukoni, na nadhani hilo peke yake lingetosha kumfanya mshairi yeyote wa Tanga au Lamu aanze kukusanya sarafu.

Kinachokosekana ni mwaka. Jina la mji ilikopigwa nalo halipo. Dinari ya Wafatimiya wa Misri, ukiweza kuyasoma maandishi yake, hukutajia mwaka na mji. Ya Kilwa iko kimya. John Walker wa British Museum, alipochapisha utafiti wake mwaka 1936, alibaki kuoanisha majina ya kwenye sarafu na majina ya masultani katika tarikh ya Kilwa, na majina yenyewe yanajirudia vizazi hadi vizazi: Hasan bin Sulaiman, Sulaiman bin Hasan, Ali bin Hasan. Ni kama kumtafuta Juma Hamisi katika daftari la wapiga kura wa Temeke.

Hapo ndipo mahali panapokuwa na thamani kuliko shaba. Sarafu isiyojitaja umri hutajiwa na jirani zake: udongo iliolala ndani yake, kigae cha China kilichokuwa kando yake, sarafu nyingine zilizofukiwa pamoja nayo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Mwaka 1984 ilipatikana pale akiba iliyofukiwa ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, vijipande vidogo vidogo mno vyenye majina ya watawala wa huku kwetu, na pamoja navyo dinari chache za dhahabu kutoka nje. Katika majina yale ya fedha lilikuwamo la Ali bin Hasan. Huyu ni mtu mkubwa. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alimhesabu kuwa ndiye mwanzilishi wa ukoo wa Kishirazi anayesimuliwa katika tarikh, na akamweka karibu na mwaka 1200. Dinari za Mtambwe, kwa kuwa zina miaka yake, zilikuwa za karne ya 11. Ikiwa fedha na dhahabu zilifukiwa pamoja, basi Ali bin Hasan alikuwa anapiga sarafu zaidi ya miaka mia moja kabla ya pale alipowekwa. Mark Horton na wenzake walipoichapisha akiba hiyo mwaka 1986, historia ya mwanzo ya masultani wetu ilibidi ipangwe upya.

Sasa fikiria akiba ile ingeangukia mikononi mwa mtu mwenye haraka. Dhahabu ingeishia kwa sonara, ikawa hereni. Fedha ingeuzwa kwa kiganja Chake Chake, Unguja, Dubai. Kila mnunuzi angetuma picha kundini, akapata madole gumba yake. Tungekuwa na sarafu zote 2,000, hata moja isipotee, na tusingejua chochote.

Songo Mnara ni hadithi nyingine ya aina hiyo, ingawa pale hapakuhitajika hazina. Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, walipochimba kwa utulivu magofu ya mji ule ulio kusini mwa Kilwa Kisiwani, walikuta sarafu za shaba ndani ya nyumba, tena wakazikuta na makaburini. Ya nyumbani inaeleweka, imeanguka. Ya kaburini je? Mtu aliyewahi kwenda ziara na ubani na marashi hahitaji profesa wa kumfafanulia kwamba pesa haikuwa ya kununulia tu. Lakini ili ulijue hilo, sharti mtu aandike kwamba sarafu hii ilitoka kaburini na ile ilitoka sebuleni. Ukizichanganya kwenye kopo moja ni vyuma tu.

Na hapa nawagusa wale wenzangu wanaopenda habari ya Australia. Inarudi kila baada ya miezi michache, na kila mara inakuja na maneno yaleyale: Waswahili walifika Australia kabla ya Mzungu! Ukweli ni mtamu hata bila chumvi hiyo. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliyekuwa kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi ile, aliokota sarafu tisa mchangani. Tano zilikuwa za Kilwa, nne za Kidachi. Akaziweka kwenye kopo. Zilikaa humo hadi mwaka 1979 alipozipeleka kwa wataalamu. Kilichoziokoa si kopo, ni kwamba bwana yule alikuwa ametia alama ya msalaba kwenye ramani, na ramani hiyo ndiyo iliyowawezesha watafiti kurudi ufukweni mwaka 2013.

Ila ramani haina tabaka za udongo. Sarafu zile ziliokotwa juu ya mchanga, tena pamoja na za Kidachi ambazo ni za karne nyingi baadaye. Huenda baharia wa Kilwa alifika. Huenda pia Mreno, Mdachi au Mmalay alikuwa nazo kama kumbukumbu, zikamdondoka. Anayeniambia ana hakika, namuomba anipe msingi wa hakika yake. Linganisha na ile sarafu moja tu ya Hasan bin Sulaiman iliyopatikana Great Zimbabwe, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kilwa. Sultani yule ndiye aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, na dhahabu ya bara ndiyo iliyoutajirisha mji wake. Sarafu moja, mahali panapojulikana, na biashara nzima ya dhahabu inapata ushahidi wa kushikika.

Basi mpenzi wa sarafu afanye nini? Kwanza aache ndimu. Kijani kile anachokiona uchafu ndicho kinachokinga maandishi, na akishakikwangua amekwangua na jina la sultani. Aipime kwa mizani ya sonara, aandike gramu na upana, apige picha pande zote mbili kwenye mwanga wa ubavuni ili herufi zitoe kivuli. Kisha aandike mahali, tarehe, nani aliokota, na kando yake palikuwa na nini. Akiwa ameirithi kwa bibi yake wa Mafia, aandike hivyo hivyo. Kisimani Mafia bahari imeula mji wa kale na shaba imekuwa ikiokotwa ufukweni siku nyingi. Maneno "bibi aliokota Kisimani akiwa msichana" ni habari kamili.

Naujua ugumu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakilinda kila kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na Zanzibar ina sheria yake. Ni sheria nzuri. Ila mwananchi mwenye vipande viwili kabatini akisikia neno "sheria" anafunga kabati. Uingereza walilikabili jambo hili mwaka 1997 kwa mpango wa kusajili vitu vya kale vinavyookotwa na raia: unapeleka, afisa anapiga picha na kuandika mahali, na vitu vingi unarudishiwa. Vimesajiliwa zaidi ya milioni moja. Sisemi tunakili kila kitu, kwani wenzetu wanaruhusu mashine za kutafutia metali mashambani, na sisi hilo litatumaliza. Nasema tuwe na dirisha moja, pale Kilwa Masoko, Mafia, Bagamoyo, ambapo mtu anaandikisha bila kuulizwa kama mwizi.

Mzee mmoja kundini, mtu ninayemheshimu, amenipinga. "Mwanangu, nikitaja shamba leo, kesho asubuhi utakuta mashimo." Ana haki. Nchi hii watu wanachimba usiku kutafuta mali ya Mjerumani chini ya kila jiwe lenye alama, wakikosa rupia hata moja. Ukiwatajia sarafu ya kweli watahamia na mahema. Nikamjibu kwamba kundini aandike wilaya tu, na mahali penyewe papelekwe makumbusho. Waingereza nao hufanya hivyo: umma unaonyeshwa eneo kwa ujumla, na mtafiti ndiye anayeomba mahali halisi.

Amesema yuko tayari, ila anataka kwanza ajue nani hasa atalishika hilo daftari na litafungiwa wapi. Swali hilo nalipeleka kwa wakubwa wa Mambo ya Kale, bara na visiwani. Wakitaka kujibu, nafasi katika ukurasa huu ipo.