Uchawi wa Rejareja

Kifaa cha uchawi ambacho unaweza kukitengeneza bila kupoteza chochote isipokuwa pesa si kifaa cha uchawi. Ni bidhaa. Kiweke dirishani, kibandike bei, ungoje mteja. Najua kuna watu watanuna nikisema hivi, hasa wasee wa meza zetu za Dungeons & Dragons hapa Nairobi. Wakipewa wiki mbili za mapumziko ndani ya kampeni, swali la kwanza huwa, "Nitengeneze nini?" La pili, "Itanigharimu ngapi?" Swali la tatu halipo. Mimi ugomvi wangu ni juu ya hilo la tatu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye meza hizo: D&D ni mchezo wa kusimuliana. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa huko Marekani mwaka 1974. Watu wanne au watano wanakaa pamoja, kila mmoja na mhusika wake, mwingine anakuwa msimulizi anayebeba ulimwengu mzima kichwani, na mambo yakigongana dadu ya pande 20 ndiyo hakimu. Ndani ya ulimwengu huo kuna panga zinazowaka moto, pete zinazomficha aliyezivaa, mifuko inayomeza mizigo bila kujaa. Nyingi mnaziokota mapangoni, kwa watu waliokufa zamani. Lakini kanuni zinakuruhusu pia ujitengenezee mwenyewe. Hapo ndipo nina kesi.

Fungua Dungeon Master's Guide ya 2024. Utakuta jedwali. Kifaa cha kawaida: siku 5, sarafu 50 za dhahabu. Cha daraja linalofuata: siku 10, sarafu 200. Adimu: siku 50, sarafu 2,000. Adimu sana: siku 125, sarafu 20,000. Na vile vya juu kabisa, vile ambavyo kitabu chenyewe kinaviita vya hadithi: siku 250, sarafu 100,000. Kama ni kitu cha kutumika mara moja kikaisha, kwa kawaida unagawanya kwa mbili. Uwe na ujuzi wa mambo ya kichawi na zana za ufundi unaohusika. Basi. Hiyo ni menyu ya kibanda. Chapati mbili, ndengu, lipa, kaa.

Ukilinganisha na kitabu cha 2014, ati haya ni maendeleo. Wakati ule kazi ilihesabiwa kwa sarafu 25 kwa siku, na kifaa cha hadithi kilikuwa sarafu 500,000. Piga hesabu: siku 20,000. Karibu miaka 55. Binadamu akianza akiwa na miaka 20, upanga unakamilika akiwa na 75, macho yameisha, magoti yameisha, na adui aliyekuwa akimwandalia upanga huo alishakufa kwa uzee. Watu walicheka sana, na walikuwa na haki. Lakini angalia walichodai baadaye. Walidai bei ishuke na muda upungue. Walikuwa wateja wanaolalamikia huduma, na mteja akilalamika hupewa punguzo.

Mwaka 2017 kitabu cha Xanathar's Guide to Everything kilijaribu kurekebisha. Kilisema pesa na muda havitoshi, lazima pia utafute kiungo adimu, na kiungo hicho kiwe kinalindwa na kiumbe cha kupigana naye. Hatua nzuri, siibezi. Walau fundi anatoka nje ya nyumba. Lakini tazama nani analipa pale. Ni huyo kiumbe. Wewe unarudi na moyo wa joka kwenye gunia, unaupika, na uko vilevile ulivyoondoka.

Haikuwa hivi siku zote. Toleo la tatu, lililotoka mwaka 2000, lilikuwa na kanuni moja ambayo wengi waliichukia na mimi naiheshimu. Ukitaka kuutia upanga nguvu ya kwanza kabisa, ile ya kuongeza 1 tu kwenye dadu, ulilipa sarafu 1,000, ukafanya kazi siku 2, halafu ukakatwa alama 80 za uzoefu. Sasa alama za uzoefu ni nini? Ndiyo maisha ya mhusika wako. Kila zimwi mlilolishinda, kila mtego mlioponea chupuchupu, ndipo alama hizo zilipotoka, na ndizo zinazokupandisha daraja. Kwa hiyo kanuni ile ilikuwa inasema jambo zito kwa lugha ya hesabu: nguvu iliyo ndani ya upanga huu haikutoka hewani, imetoka kwako. Umejikata kipande ukakipachika kwenye chuma.

Toleo la nne, mwaka 2008, likaifuta. Unalipa bei ya kifaa, unafanya tambiko, unachukua. Huna pesa taslimu? Vunja kifaa kingine cha uchawi, kinageuka unga, unga unakuwa malighafi ya kifaa kipya. Yaani chuma chakavu. Toka hapo hatujarudi nyuma. Kilichobaki ni kivuli tu: vifaa vingine sharti ufungamane navyo kwanza, na huwezi kufungamana na zaidi ya vitatu. Unafungamana vipi? Unakaa nacho saa 1 ukipumzika. Saa moja! Hata viatu vipya vinataka wiki nzima kabla havijaacha kukuchuna.

Sisi tumelelewa na neno ambalo kanuni hizi hazina: masharti. Mganga hakupi dawa hivihivi. Atakwambia usile hiki, usivuke kile, usigeuke nyuma, usimwambie mtu. Na si lazima uamini waganga ndiyo uelewe busara ya hadithi hizo. Nguvu na sharti ni kitu kimoja kilichotazamwa kutoka pande mbili. Fumo Liyongo silaha zote hazimdhuru, ila sindano ya shaba ikimwingia kitovuni. Lwanda Magere mwili wake ni jiwe, ila kivuli chake ni nyama. Ukiondoa hilo "ila", umebaki na nini? Jamaa mwenye misuli. Hakuna ambaye angemsimulia mtoto wake.

Ngoja kidogo, kwa sababu najua mahali wengine watakimbilia. Wataona dawa ya tatizo ni kuupaka mchezo rangi ya nyumbani: upanga uitwe simi, mfuko usiojaa uitwe kiondo, mchawi avishwe kaniki, mambo yaishe. Hapana. Simi inayoongeza 1 kwenye dadu, uliyoitengeneza kwa siku 10 na sarafu 200, ni bidhaa ileile iliyobadilishwa lebo. Tusidanganyane kwamba hilo ndilo kurudi nyumbani.

Halafu si kweli kwamba kule mchezo ulikotoka hawajui haya. Wanayajua vizuri. Tolkien alimfanya Sauron amimine nguvu zake mwenyewe ndani ya pete, na ndiyo maana pete ilipoharibiwa naye akaisha. Michael Moorcock alimpa Elric upanga mweusi, Stormbringer, unaomtia nguvu kwa kula roho za watu, wakiwemo wale anaowapenda. Waliounda D&D waliwasoma waandishi hao. Kwa hiyo masharti yalikuwa ndani ya damu ya mchezo tangu mwanzo. Yalitolewa kidogo kidogo, toleo baada ya toleo, kwa sababu yalikuwa yanachelewesha foleni.

Mwenzetu mmoja mezani kazi yake ni kushona viatu. Siku moja kikosi kilinunua pete mjini, dakika mbili mambo yakaisha, tukaendelea. Yeye akauliza, "Na aliyeitengeneza ako wapi?" Msimulizi hakuwa na jibu. Kitabu hakina jibu. Duka lina pete, pete ina bei, na kati ya mgodi na dirisha la duka hakuna mtu.

Swali hilo linanikera mpaka leo, kwa sababu ndivyo tunavyoishi. Tunavaa, tunakula, tunapakua, tunatupa, na hatujui mkono wa nani umepita pale. Mshona viatu anajua soli ile imemla macho kiasi gani. Sisi tunajua bei, na bado tunataka apunguze. Kiswahili chenyewe kinajua zaidi yetu: Pwani, anayeunda jahazi ni fundi, na anayeongoza ngoma ya pepo pia ni fundi. Neno moja kwa wote wawili. Kutengeneza kitu na kuamsha nguvu iliyo ndani yake havikuwa mbali hivyo, na kote kuwili fundi alikuwa mtu mwenye jina, unayejua nyumba yake na unayejua amepitia nini mpaka akafika pale.

"Ni mchezo tu, bana." Haswa. Ni mchezo. Tunakutana mara moja kwa mwezi, baada ya kazi, baada ya foleni ya Thika Road, na tuna saa nne kabla mwenye nyumba hajaanza kupiga miayo. Mji mzima huu unatuuzia vitu mchana kutwa. Kwa nini nitumie hizo saa nne kuigiza kwamba niko dukani?

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kanuni ya zamani ilimwadhibu fundi. Yeye anabaki nyuma, wenzake wanapanda madaraja kwa vifaa alivyowatengenezea. Nakubali iliuma. Lakini wanaosema hivyo husahau kwamba katika marekebisho ya 2003 mhusika wa daraja la chini alipata alama nyingi zaidi kwa ushindi uleule, kwa hiyo aliyebaki nyuma alikuwa na njia ya kuwafikia wenzake. Na hata hivyo sidai zile alama 80 zirudi. Kutunza daftari la alama kunachosha. Ninachodai ni maana iliyokuwa nyuma yake.

Pia kuna Eberron, ulimwengu wa Keith Baker uliochapishwa mwaka 2004, ambako uchawi ni viwanda kabisa: treni, taa za barabarani, mafundi wa mshahara. Wengine hunitajia huo kama ushahidi dhidi yangu. Mimi nautaja kama shahidi wangu. Kule walitengeneza wanajeshi wa chuma na mbao kwa ajili ya vita, na vita vilipoisha viumbe hao wakawa huru, wakabaki wanajiuliza wao ni nani na maisha yao ni ya nini. Hiyo ndiyo namna ya kuandika uchawi wa kiwandani. Ukitaka uchawi wenye bei, sawa, lakini basi uonyeshe na nani anaulipia.

Pingamizi la tatu: wachezaji watakataa. Hapo nina ushahidi wa meza yangu mwenyewe. Mwaka jana nikiwa msimulizi, mchezaji mmoja alitaka mhusika wake atengeneze pete ya ulinzi. Sarafu anazo, siku anazo. Nikamwambia jedwali limeridhika, sasa niambie itachukua nini kwako. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: mhusika wangu hatatambua tena sauti ya dada yake. Mimi nisingethubutu kumtoza hivyo. Nilikuwa na kitu kidogo akilini, usingizi wa usiku mmoja labda. Vikao vitatu baadaye, usiku, ndani ya mji uliozingirwa, mtu akabisha mlango akimwita kwa jina. Sauti ya mwanamke. Mchezaji alijua ni nani. Sote tulijua. Mhusika hakujua, na kulikuwa na maadui kila kona. Hakufungua.

Hakuna aliyerusha dadu. Ile pete iliendelea kumwongezea 1 kwenye ulinzi wake, kama kitabu kinavyosema, na hakuna mtu pale mezani aliyeiita tena "ile pete ya 1". Watu waliokuwepo bado wanaizungumzia. Niambie kifaa kimoja ulichonunua kwenye mchezo miaka miwili iliyopita ambacho unakikumbuka. Nasubiri.

Kwa hiyo sidai kitabu kipya, wala sitaki kanuni kurasa 40. Jedwali wacha likae, namba zina kazi yake. Nadai mambo matatu yaongezwe juu yake. Kifaa kiwe na jina la aliyekitengeneza, hata kama alikufa miaka 1,000 iliyopita na mlikiokota kwenye mifupa yake. Kiwe na sharti moja, fupi, ambalo likivunjwa kitu kinatokea. Na fundi atoe kitu ambacho pesa haiwezi kurudisha, akichague mwenyewe, akiseme kwa sauti mbele ya wenzake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mchezo wetu umeinua kitanda kwa jeki ili mtu asipate shida.

Mkikaa tena, kabla fundi wenu hajaanza kuhesabu sarafu, muulizeni hilo swali la tatu: itachukua nini kwako? Akisema haitachukua kitu, mpeni upanga wa kawaida. Unakata vilevile.