Simu Yako Inaishinda. Na Wewe Je?

Kila nikiposti kompyuta yangu ya zamani ya chesi, lazima mtu ajitokeze kwa komenti: "Buda, hiyo kitu simu yangu inaipiga bila jasho." Ni ukweli. Stockfish ni ya bure, iko kwa simu, na hakuna binadamu anaiweza. Swali langu ni moja tu: wewe unaiweza?

Hapo ndio mnapotea. Mnapima hizi mashine kwa nguvu, kama pikipiki.

Chess Challenger ya kwanza ilitoka Marekani 1977. Ilicheza vibaya, na hata herufi na namba za ubao walizipanga kinyume. Lakini mtu asiye na mwenzake wa kucheza angekaa nyumbani, abonyeze hatua yake, na ajibiwe. Kufika 1979 kulikuwa na nyingine inayoongea. Huko Ujerumani, Mephisto wakatengeneza mbao ambazo unachomoa programu moja unachomeka nyingine, kama kaseti. Hizo zote ni kabla Deep Blue imshinde Kasparov 1997.

Yangu niliitoa kwa rundo la redio mbovu, mia nane. Fundi alitaka kuifungua atoe waya, basi. Malkia mweusi amepotea, kwa hivyo natumia kifuniko cha soda. Ikifikiria, unaenda kuchemsha chai unarudi. Haina matangazo. Hainionyeshi hatua nzuri ni gani. Nikifanya upuuzi, inajibu tu na kataa kake kekundu, halafu inaningoja.

Kwa simu nilicheza miaka miwili, mechi za dakika tatu. Nikipigwa, nabonyeza "tena". Sikujifunza kitu, walai. Hii ya zamani ilinichapa wiki tano kwa kiwango cha tatu. Usiku nilioishinda, nilipiga kelele hadi nikaamsha shosho. Hiyo raha simu haijawahi kunipa, kwa sababu simu ikiachilia ushinde, unajua imekuachilia.

Na nyinyi mnaozinunua mkizifungia kwa boksi, mkingoja bei ipande, hamna tofauti na huyo fundi. Yeye anaiua haraka, nyinyi mnaiua polepole. Betri zikisahaulika ndani zinavuja, zinakula vyuma, na siku ukitaka kuiuza haiwaki. Toa betri. Halafu zirudishe Jumamosi, uite mtoto wa jirani, mcheze.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo najua vile inakaa kuitwa kitu kimepitwa. Siombi huruma. Nasema tu, kitu hakigeuki takataka kwa sababu kingine chenye nguvu kimetoka.

Ukiiona moja kwa elektroniki za mtumba, usiulize kama inaweza simu yako. Kaa chini, panga kete, cheza hadi mwisho. Ukimaliza, rudi hapa uniambie nani alishinda. Bila kudanganya.