Maji Tuliyoyavulia Nguo

Nataka kugombana na methali. Najua ninayemkabili si mtu mdogo. Tangu sekondari tumefundishwa kwamba methali ni hekima ya wahenga, na mwanafunzi anayebishana na wahenga hukosa alama. Lakini mwaka jana nilisimama ufukweni mwa ziwa Kivu nikiwa na kaptura ya kuogelea na kofia ya mpira ya rangi ya chungwa, ziwa limechafuka, na mshereheshaji akatupigia kelele kwa kipaza sauti: "Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga!" Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga makofi. Robo saa baadaye nilikuwa nimeng'ang'ania ubavu wa mtumbwi wa mvuvi, natapika maji.

Yalikuwa mashindano ya triathloni. Kwa asiyeyajua: unaogelea, unatoka majini na kupanda baiskeli, unashuka kwenye baiskeli na kukimbia, na saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu. Yetu yalikuwa mafupi, mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio. Makubwa yanafanyika Rubavu tangu 2022, ambako watu huogelea kilomita 1.9, hupanda baiskeli kilomita 90, kisha humalizia kwa nusu marathoni. Sitautaja mji wetu wala waandaaji. Walikosea, nami nitasema walipokosea, lakini kosa lenyewe tulilibeba sote, na lilikuwa limefungwa katika maneno mazuri ya Kiswahili. Ndiyo maana naliandikia hapa, mbele ya watu wanaosoma Kiswahili.

Tuliambiwa tungeanza saa moja asubuhi. Yeyote anayeishi kando ya Kivu anajua kwa nini saa hiyo ni nzuri. Wavuvi wa sambaza hufanya kazi usiku kwa taa, na alfajiri wanaporudi mara nyingi maji yamelala kama shuka iliyopigwa pasi. Jua likishapanda, upepo huamka. Sasa, mgeni wa heshima alichelewa. Tulimngoja hadi saa tatu na nusu, hotuba ikachukua nusu saa nyingine, na tulipoitwa kwenye mstari mawimbi yalikuwa yamevaa mapovu meupe. Boya la kwanza, lililokuwa limetulia asubuhi, sasa lilikuwa linaonekana na kupotea.

Hapo ndipo dada mmoja wa mwaka wa tatu, aliyekuwa amesimama karibu nami, alipoliangalia ziwa kwa muda, akavua kofia yake, akachukua kanga yake akajifunga. Hakusema kitu. Mshereheshaji alimwona, na ndipo ile methali ilipotoka. Ilielekezwa kwake. Yale makofi niliyoyataja yalikuwa ya kumzomea yeye, na mikono yangu ilikuwamo.

Nilikuwa nimejifunza kuogelea kwa miezi minane katika bwawa la hoteli lenye urefu wa mita 25. Ndani ya bwawa lile maji yalinifika kifuani. Nikichoka, nasimama. Chini kuna mstari mweusi unaokuonyesha njia, na pembeni kuna kamba zinazovunja mawimbi. Ziwani hakuna hata kimoja. Ili ujue unakoelekea, inabidi kila baada ya mikono kadhaa uinue macho juu ya maji kama mamba, na ukiinua kichwa, miguu inazama. Mimi nilizoea kuvuta pumzi upande wa kulia tu. Siku ile upepo ulikuwa unatoka kulia. Nilipofungua mdomo mara ya kwanza nilipata wimbi, mara ya pili wimbi, mara ya tatu nikapaliwa. Watu hutuogopesha kwa habari za gesi ya methani iliyolala vilindini mwa Kivu. Kilichonitisha mimi hakikuwa na kilindi chochote, kilikuwa kiasi cha maji ya kikombe cha chai, kimeingia penye njia ya hewa.

Mvuvi aliyekuwa amekodishwa kutulinda alisogeza mtumbwi wake na kuniambia: "Mutoto yangu, shika hapa. Pumua. Ziwa haina haraka." Walimu wangu wa sarufi watachukua kalamu nyekundu hapo, na wana haki: mtoto wangu, ziwa halina. Mimi sijawahi kusikia Kiswahili chenye upatanisho bora zaidi. Nilishika. Nilikohoa. Nilihesabu pumzi hadi thelathini, kisha nikaendelea polepole, uso nje ya maji, hadi nikatoka nikiwa wa tatu kutoka mwisho.

Kanuni za triathloni zinaruhusu jambo hilo. Mwogeleaji anaweza kushika mtumbwi au boya apumzike, mradi tu asilitumie kusonga mbele. Akiinua mkono, waokoaji wanamjia. Hizi ni kanuni za mashindano ya dunia nzima, na hatukuambiwa hata moja asubuhi ile. Tulichoambiwa ni methali. Ndiyo maana nilipomaliza mbio na kuvikwa medali, mtu wa kwanza kuzungumza nami aliniuliza kwa kunong'ona, "Lakini si ulishika mtumbwi?"

Turudi kwa methali yenyewe, maana hapa ndipo penye kazi yetu sisi watu wa lugha. Wahenga walisema *kuyaoga*. Hawakusema *kuyaogelea*. Kuoga ni kusafisha mwili. Unaoga bafuni, mtoni, kisimani, kwa ndoo na kata. Hatari kubwa ya kuoga ni baridi, na methali inamtania mtu aliyekwisha kuvua nguo halafu anaogopa baridi. Anastahili kutaniwa. Kuogelea ni kitenzi kingine, japo kimezaliwa nyumba ileile, na mkia wake unasikika kabisa kama *elea*. (Sidai kwamba asili yake ni hiyo, walimu wa mofolojia wasinifukuze darasani.) Anayeoga amesimama. Anayeogelea hana pa kusimama. Ukichukua neno lililotungwa kwa ajili ya mtu mwenye ndoo ukamtupia mtu aliye mbele ya ziwa ambalo kina chake kinafika karibu mita 485, umetafsiri vibaya ndani ya lugha yako mwenyewe.

Nimemweleza hoja hii mwanafunzi mwenzangu mmoja, akanijibu kwamba nachukulia methali kwa maana ya nje, na kwamba maana ya ndani ni kumaliza ulichokianza: masomo, ndoa, ujenzi wa nyumba. Sawa. Katika masomo na ndoa naikubali, ingawa kuhusu ndoa nina shaka kidogo. Lakini sitiari ikirudishwa ufukweni inaacha kuwa sitiari. Ukimwambia mtu aliyesimama mbele ya maji halisi, amevua nguo halisi, kwamba hana budi kuingia, hujampa hekima yoyote. Umempa amri, na umeipamba amri hiyo ili aone aibu kuikataa.

Na aibu majini ni kitu kibaya kuliko wimbi. Rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja alikuwa mbele yangu kama mita 40. Ana kifua na mapafu kunishinda, na kwenye baiskeli simwoni hata vumbi. Alianza kupaliwa kabla hajafika boya la pili. Mtumbwi ulikuwa karibu naye. Hakuinua mkono. Mvuvi mwingine ndiye aliyemwona akiwa wima majini, kichwa kimeegemea nyuma, mdomo sawasawa na uso wa ziwa, bila sauti. Walimvuta kwa mabega. Alilala kituo cha afya usiku mmoja, akarudi bwenini, na nilipomwuliza kwa nini hakuinua mkono alisema: "Niliwaona ninyi mnaendelea. Ningeinuaje?"

Tunaoendelea tulikuwa nani? Mmojawao ni mimi niliyekuwa natapika.

Hatari ya sehemu hii ya mashindano si siri. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulihesabu vifo na matukio ya moyo kusimama katika triathloni za nchini humo kuanzia 1985 hadi 2016. Yalikuwa 135, na 90 kati ya hayo yalitokea wakati wa kuogelea. Agosti 2023, mjini Youghal nchini Ireland, wanaume wawili walifariki katika sehemu ya kuogelea, hata baada ya umbali kufupishwa kwa sababu ya hali ya bahari. Hao ni watu wa nchi zenye mabwawa na walimu wa kuogelea. Sisi wengi wetu tumejifunza ukubwani, kwa mkopo wa bwawa la hoteli, halafu tunaambiwa tukaze moyo.

Wenzetu wakubwa hawaoni haya kusitisha. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, triathloni ya wanaume ilisogezwa kutoka tarehe 30 Julai hadi 31 kwa sababu maji ya mto Seine yalikuwa machafu. Wanariadha waliojiandaa kwa miaka walirudi kulala. Kanuni pia zinaruhusu kufuta kuogelea kabisa, watu wakakimbia, wakapanda baiskeli, wakakimbia tena. Katika nchi hii ya milima na baiskeli, ambayo mwaka 2025 mji wake mkuu ulipokea mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, nani angelalamika? Mgeni wa heshima asingejua hata tofauti.

Kuna jibu ambalo nalisikia mara nyingi zaidi, nalo linaniudhi kuliko yote. Wanasema: basi tuache mchezo huu, sisi si watu wa maji, kuogelea ni kwa wazungu na samaki. Siafiki hata kidogo. Ziwa liko pale. Watu wanavuka kila siku kwenda sokoni, kusalimia ndugu, kutafuta riziki. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa karibu kabisa kufika bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu walikufa huku waliokuja kuwapokea wakiwatazama kutoka nchi kavu. Mtu anayeishi kando ya maji kama haya anahitaji kujua kuogelea kama anavyohitaji kujua kusoma. Nataka mchezo uendelee, na nataka watoto wa shule za ufukweni wafundishwe kuelea kabla hawajafundishwa orodha ya methali. Ninachokataa ni kufundishwa kuingia bila kufundishwa kutoka.

Maana kutoka nako ni ujuzi. Kuliangalia ziwa na kusema leo hapana ni ujuzi. Kujua upepo unatoka upande gani, kujua mtumbwi uko wapi, kuinua mkono mapema wakati mkono bado una nguvu za kuinuka, hayo yote hujifunzwa, na yule dada alikuwa ameyajifunza. Baadaye niligundua kwamba amekulia kisiwani, baba yake ni mvuvi, na kati yetu sote tuliovaa kofia za rangi ya chungwa ni yeye peke yake aliyekuwa akiogelea Kivu tangu utotoni. Aliyejua maji kuliko wote ndiye aliyejifunga kanga. Sisi wa bwawa la mita 25 ndio tuliomzomea.

Wahenga wenyewe walikuwa na neno lake, tena walilisema wazi: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Hatukulisikia kwenye kipaza sauti. Methali hubishana zenyewe kwa zenyewe, na anayeshika kipaza sauti ndiye anayechagua ipi ishinde. Kwa hiyo, walimu wangu, mnapotuuliza katika mtihani tueleze maana ya methali, tuulizeni pia inasemwa na nani, kwa nani, na msemaji amesimama wapi. Mshereheshaji wetu alikuwa amesimama jukwaani, chini ya mwavuli, na viatu vyake vilikuwa vikavu.

Nimewaandikia waandaaji barua. Nimeomba mambo matatu: mstari wa kuanzia usimngoje mtu yeyote, kanuni ya mkono na mtumbwi itangazwe kwa kipaza sauti kilekile, na neno la mwisho la kuingia au kutoingia majini liwe la wavuvi. La kwanza wamelikubali. La pili wamesema watalifikiria. Kuhusu la tatu hawajanijibu.

Rafiki yangu hajarudi majini. Anasema anangoja goti lipone, ingawa goti lake halina kitu. Mimi huenda alfajiri ya Jumamosi, ninajifunza kuvuta pumzi upande wa kushoto.

Yule dada nilimtafuta nikamwomba radhi. Ilinichukua wiki tano kuthubutu. Alicheka, akaniambia amejiandikisha tena mwaka huu. Nikamwuliza kama safari hii ataingia.

"Nitaliangalia ziwa kwanza," akasema.