Mninga uache, boksi lijengwe
MAONI YA WIKI
Na Josephat Ruhigi

Panda basi lolote linalotoka Kasulu kwenda Kibondo, usubiri dereva aweke wimbo uliorekodiwa hapahapa mkoani Kigoma. Biti linaanza vizuri, halafu besi haionekani. Sauti ya mwimbaji inachoma masikio, ngoma zinasikika kwa mbali. Unafuata wimbo uliotoka Dar es Salaam, na gari zima linajaa. Kabla hamjafika Busunzu abiria wameshahukumu kwamba wenzetu wana vipaji kutuzidi.

Hukumu hiyo siikubali. Mkoa uliowaleta pamoja wanamuziki wa Kigoma All Stars mwaka 2012 wakatoa wimbo wa "Leka Dutigite" hauna njaa ya vipaji. Nadhani kosa liko kwenye kitu alichokuwa anakisikiliza prodyuza wakati anamiksi. Mara nyingi ni sabufa ya nyumbani, ileile inayouzwa karibu na majiko ya gesi, na imetengenezwa ili impendeze mteja akiwa dukani: besi imeongezwa, na vikali vya juu vimepambwa. Prodyuza akiisikia besi nene namna hiyo anaona imezidi, anaipunguza. Wimbo ukifika kwenye spika za basi, ambazo hazina nyongeza yoyote, kile alichokipunguza hakipo tena na hakirudi.

Spika ya studio ni mizani. Mkulima wa Busunzu anayepeleka maharage sokoni anaijua mizani iliyochezewa, na hawezi kuisifu eti kwa sababu inaonyesha kilo za kupendeza. Kwa nini basi tunasifu spika kwa sababu inapendeza?

Pendekezo langu ni hili: kijana anayetaka kufungua studio Busunzu, au popote kati ya Kasulu na Kibondo, asianze kwa kuagiza spika za bei kubwa kutoka nje. Aanze kwa seremala. Sumaku, koili na koni atanunua, hilo halikwepeki, kwa kuwa hatuna anayezitengeneza. Lakini boksi, ambalo huamua sehemu kubwa ya tabia ya spika, linaweza kujengwa na fundi yuleyule anayetengeneza milango na vitanda vyetu, na huenda likawa bora kuliko maboksi ya maranda yaliyogandishwa yanayotujia kwenye makontena.

Najua seremala atafurahi na kushika mninga. Hapo namwomba asimame kwanza. Mninga ni mti wa fahari, na miombo yetu imeshakatwa vya kutosha bila studio kuongeza shoka. Kuna sababu nyingine pia, ambayo haihusu misitu. Mbao nzima hutanuka masika na kusinyaa kiangazi, viungo vikaachia, hewa ikavuja. Tena ubao mgumu ukigongwa hulia kwa sauti yake. Sifa hiyo tunaitaka kwenye ngoma na marimba. Boksi la spika linatakiwa liwe bubu. Plaiwudi nzuri au MDF ya milimita 18, iliyogundishwa vizuri na kukazwa kwa vipande vya ndani, itafanya kazi hiyo. Mwenye hamu ya mninga alipake boksi rangi yake kwa nje.

Wanaodhani nabuni wakumbuke BBC, ambayo idhaa yake ya Kiswahili imesikilizwa katika vijiji hivi tangu mwaka 1957. Miaka ya 1970 mafundi wake walihitaji spika ya kusikilizia ndani ya magari ya kurushia matangazo ya nje, mahali ambapo nafasi ilikuwa finyu kuliko stoo ya mahindi. Wakaunda LS3/5A, kiboksi cha lita 5 hivi, kimo chake kama rula ya shule. Kuta zilikuwa za plaiwudi nyembamba, na kwa ndani zilibandikwa vipande vya lami ili zisitetemeke. (Sisi lami tuliisubiri barabarani miaka na miaka, kipande kidogo ndani ya boksi hakitatushinda.) Spika hiyo haitikisi ukumbi na haikukusudiwa kutikisa. Ilikusudiwa kumwambia fundi kama sauti ya mtangazaji ni ya mtu au ni ya mtu aliyeziba pua. Mpaka leo wapo wanaoitafuta kwa pesa nyingi.

Mfano wa pili unachekesha kidogo. Yamaha walitoa NS-10 mwaka 1978 kwa ajili ya sebuleni, na sebuleni haikupendwa, kwa sababu ilikuwa kavu na haikuficha kitu. Maprodyuza wakaichukua kwa sababu hiyohiyo, ile koni yake nyeupe ikaenea kwenye studio za dunia nzima. Waliamini kwamba wimbo ukisikika sawa pale, utasikika sawa kokote.

Sasa kazi yenyewe. Fundi wetu wa spika amezoea kukata boksi kwa macho: kubwa kwa besi kubwa, tundu mbele, basi. Hapo ndipo tunapopoteza. Tangu mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alionyesha jinsi ya kulikokotoa boksi kabla ya kugusa msumeno, na Richard Small akaikamilisha kazi hiyo miaka ya 1970. Unahitaji hasa namba tatu kutoka kwa mtengenezaji wa spika: mahali inapovuma yenyewe ikiwa haina boksi, jinsi inavyozuiwa isiendelee kutikisika baada ya mdundo kwisha, na ujazo wa hewa wenye ugumu sawa na wa koni yake. Spika isiyokuja na namba hizo usiinunue, hata kama sumaku yake imebandikwa karatasi ya wati 1,000. Hasa ikiwa imebandikwa karatasi ya wati 1,000.

Chukua boksi lenye nafasi ya ndani ya sentimita 25 kwa 30 kwa 40. Hizo ni lita 30. Litobolewe na kuwekewa bomba la plastiki lenye upana wa ndani wa sentimita 7.5 na urefu wa sentimita 16 hivi, kama yale ya maji machafu yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Hewa ya humo itavuma karibu na hezi 45, jirani na waya mnene wa gitaa la besi, ambao uko hezi 41. Bomba hilohilo likikatwa nusu, mvumo unapanda mpaka karibu hezi 57, na boksi linaanza kudundadunda kwa noti moja kila wimbo. Sentimita 8 tu za bomba zimebadilisha spika nzima. Seremala anayeweza kufunga droo isiyokwama hawezi kushindwa kipimo cha namna hiyo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyempa.

Halafu kuna chumba, na hapa pesa zetu nyingi hupotea. Vijana hubandika trei za mayai ukutani kutoka sakafuni hadi darini. Trei hupunguza kidogo mwangwi wa sauti kali, besi inazipita bila hodi. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, karatasi ya trei italizuia vipi? Chumba cha mita 3 kwa 3, cha tofali za kuchoma, hukusanya nguvu kwenye hezi 57 kutoka pande zote mbili kwa pamoja, na ukikaa katikati yake hiyo hezi 57 haisikiki. Prodyuza aliyekaa katikati anaongeza besi ambayo tayari ipo. Afadhali chumba cha mita 3 kwa 4, kiti kisogezwe kutoka katikati, pembe zijazwe magunia ya pamba yenye unene wa kutosha, na mwenye pesa aanzie huko kabla ya spika.

Kuna watakaonikumbusha Konono N°1 wa Kinshasa, kundi la Mawangu Mingiedi, waliojitengenezea vyombo vya kukuza sauti kwa sumaku za magari chakavu na kuivutia dunia kwa albamu ya "Congotronics". Nawapenda. Lakini ule mkwaruzo ulikuwa sehemu ya muziki wao wa jukwaani. Ukiumiksi mkwaruzo kwenye spika inayokwaruza, hutajua upi ni wa Mingiedi na upi ni wako.

Spika ya kujijengea ina faida nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Spika nyingi za studio za siku hizi zina amplifaya ndani yake. Mkoa huu uliishi kwa majenereta ya dizeli miongo mingi, gridi ya Taifa imetufikia miaka hii ya 2020, na umeme bado hupanda na kushuka bila taarifa. Amplifaya ikiungua, spika nzima inakaa kabatini ikisubiri kipuri cha ng'ambo. Ya kwetu amplifaya ikae pembeni, koili ikiungua fundi redio aisuke upya.

Nani atalipa? Kwaya. Ndizo zinazorekodi kwa wingi huku kwetu, nazo hufunga safari mpaka Mwanza kwa nauli ambayo ingenunua plaiwudi ya kutosha. Ila kwaya zisikubali kupokea boksi kwa sababu limepigwa vanishi likang'aa. Programu ya bure ya Room EQ Wizard na maikrofoni ya kupimia vitaonyesha mengi, na baada ya hapo wapime kwa masikio. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aimbe nje ya jengo, arekodiwe bila kuongezewa chochote, kisha asimame karibu na spika na kuimba tena kwa zamu na rekodi yake, huku wenzake wamegeuka nyuma. Wale waliokaa naye benchi moja miaka yote ndio waseme ni yupi mama na ipi spika. Wakizitofautisha papo hapo, boksi lirudi kwa seremala, na salio la malipo yake libaki kwa mtunza hazina.